Bado Trela Mbili

Dada yangu haiamini saa inayoandikwa kwenye tiketi ya sinema. Ikiandikwa saa mbili kamili usiku, yeye saa mbili kamili ndiyo kwanza anatafuta viatu. Ataegesha gari bila haraka, atapanga foleni ya bisi, atapokea simu mbili akiwa mlangoni, kisha ataingia ukumbini saa mbili na dakika ishirini na tano kwa uso wa mtu aliyewahi. "Wanauza muda wako," huniambia, "na wewe unawapelekea mapema, tena umechana nywele."

Mimi hufika taa zote zikiwa zinawaka na mfagizi bado yuko safu ya nyuma anaokota vikombe. Si kwamba napenda matangazo. Napenda kuuona ukumbi ukigeuzwa taratibu, watu mia mbili walioingia kila mmoja na lake mpaka wanakuwa kitu kimoja kinachopumua pamoja. Na kuna sababu nyingine. Zamani kidogo, kwa msimu mmoja tu, nilifanya kazi ya kuchana tiketi mlangoni na kuwaongoza waliochelewa kwa tochi. Filamu sikuzitazama, maana nilitakiwa nje kabla hazijaanza. Nilichokiona mara tano au sita kila siku ni zile dakika za kabla yake, nikazizoea kama mtu anavyozizoea ngazi za nyumbani kwake gizani.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kutazama taa badala ya skrini. Taa zikiwa kamili, skrini inaonyesha picha tuli, chemsha bongo kuhusu waigizaji, mahojiano mafupi na waongozaji, na matangazo ya biashara ndogondogo. Hakuna anayetazama, watu wanatafuta namba za viti. Taa zikishuka nusu, yanaingia magari, simu na benki. Zikizimwa zote isipokuwa vile vimulimuli vya kwenye ngazi, zinaingia trela, vile vionjo vya filamu zijazo. Msimamizi wetu alinionyesha hilo siku moja kwa kidole, bila maneno mengi: kadiri giza linavyozidi ndivyo sekunde thelathini zinavyokuwa ghali. Mtu aliye kwenye mwanga ana simu yake, ana jirani yake, ana mfuko wake wa bisi wa kupekua. Gizani amebakiwa na kitu kimoja tu cha kutazama, na kimepanda juu ya kichwa chake kama ukuta.

Siku hizi hakuna mtu anayezima taa kwa mkono. Orodha ya onyesho zima imepangwa kwenye kompyuta ya projekta tangu asubuhi, na katikati ya tangazo moja na jingine kumewekwa amri: shusha taa, sogeza zile pazia nyeusi za kando, badili umbo la picha. Filamu yenyewe huja imefungwa kwa msimbo, na jumba hutumiwa ufunguo wa kidijitali unaofanya kazi siku zilizokubaliwa tu, tena kwenye mtambo uliotajwa tu. Matangazo kwa kawaida huja bila kufuli lolote. Sijui nani angehangaika kuyaiba.

Wengi hudhani tiketi ndiyo inayolilisha jumba. Tiketi inagawanywa. Kwa filamu kubwa, hasa wiki zake za mwanzo, msambazaji mara nyingi huchukua nusu au zaidi. Bisi na soda hazigawanywi naye, wala fedha ya matangazo. Kwa hiyo mwenye jumba anayekukaribisha mlangoni ana biashara mbili: anakuuzia wewe filamu ya watu wengine, na anawauzia watu wengine wewe. Ile ya pili ndiyo iliyo yake zaidi. Nilipolielewa hilo niliacha kuyachukia matangazo kwa jumla, nikaanza kuyachukia kwa kuchagua.

Na mtu akikuambia kwamba zamani sinema ilikuwa sinema tu, mwambie arudi nyuma zaidi. Ndugu Lumière waliwaonyesha watu wa Paris filamu kwa kiingilio tarehe 28 Desemba 1895. Mwaka uliofuata tu, 1896, huko Uswisi, ilipigwa filamu ya wanawake wakifua nguo, na mbele yao pamewekwa makasha ya sabuni ya Sunlight, jina likielekea kwenye kamera. Mwaka 1897 kampuni ya Edison ikatengeneza tangazo la sigara za Admiral. Sinema ilikuwa haijaota meno, tayari ilikuwa inauza sabuni.

Kisha zikaja zile picha za kioo, zilizoonyeshwa wakati mtambo unabadilishwa utepe: duka fulani linauza hiki, tafadhali akina mama vueni kofia waliokaa nyuma waone, tafadhali msiteme mate. Nikizitazama leo naona kwamba hazijaondoka. Ile katuni inayokuomba uzime simu ni kofia ileile imebadili umbo.

Neno trela lenyewe lina kichekesho ambacho Mswahili hukiona haraka kuliko wengine. Sisi trela tunalijua barabarani: linafuata nyuma, linavutwa na kichwa. Sasa imekuwaje kwenye sinema trela linatangulia na kichwa kinafuata? Jibu ni kwamba mwanzoni trela lilikuwa nyuma kweli. Mwaka 1913 Nils Granlund, aliyesimamia matangazo ya majumba ya Marcus Loew huko Marekani, alitengeneza filamu fupi ya kunadi mchezo wa muziki wa jukwaani wa Broadway, New York, na mwaka huohuo kampuni ya William Selig ikawa inamalizia sehemu za filamu yake ya mfululizo kwa kukuonjesha ijayo. Vipande vya namna hiyo vilibandikwa mwisho wa onyesho. Tatizo ni lile ambalo mchanaji tiketi yeyote angewaambia: filamu ikiisha, watu wanasimama. Wanatafuta koti, wanatafuta mtoto, wanatafuta mlango. Trela likahamishiwa mbele, jina likabaki na tabia yake ya zamani.

Katikati ya karne iliyopita dakika hizo zilikuwa zimejaa kuliko sasa. Palikuwa na katuni, vichekesho vifupi, na habari za filamu: mafuriko, mfalme akikagua gwaride, farasi walioshinda mbio. Kampuni ya Pathé ilianza kuwaonyesha Waingereza habari hizo mwaka 1910 na ikaacha 1970, runinga ikiwa imeshawapelekea watu habari sebuleni kwa miaka mingi. Huko Marekani uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 1948 ulizikataza studio kubwa kuwalazimisha wenye majumba wanunue filamu kwa mafurushi, na filamu fupi, zilizozoea kuingia ndani ya furushi hilo kama mbuzi anayeuzwa pamoja na kamba, zikaanza kukosa mahali. Nafasi ikabaki wazi. Matangazo ya biashara hayakuhitaji kualikwa mara mbili.

Mwaka 1957 ndio ninaoupenda kuliko yote katika historia hii, kwa sababu ulizaa ukweli mmoja na uongo mmoja, na uongo ukasafiri mbali zaidi. Ukweli: mwaka huo ilitoka katuni fupi ya vitafunwa vinavyotembea kwa mstari na kuimba, vikiwaita watazamaji waende kununua sebuleni mwa jumba. Ni kitu cha kitoto kabisa, na Wamarekani waliikumbuka kiasi kwamba mwaka 2000 iliwekwa katika Sajili ya Taifa ya Filamu inayosimamiwa na Maktaba ya Bunge, pamoja na kazi za mabingwa.

Uongo: mwaka huohuo mtafiti wa masoko aitwaye James Vicary aliwaambia waandishi wa habari kwamba katika jumba moja la Fort Lee, New Jersey, alikuwa amemulika skrini kwa maneno ya kuwahimiza watu wale bisi na wanywe Coca-Cola, kwa muda mfupi mno hata jicho lisiyaone, na mauzo ya vyote viwili yakapanda. Watu wakaingiwa na hofu. Serikali zikaulizwa maswali, vituo vya utangazaji vikapiga marufuku mbinu hiyo. Mwaka 1962 Vicary mwenyewe akakiri kwa gazeti la wanamatangazo kwamba ilikuwa mbinu ya kujitafutia wateja, na kwamba data aliyokuwa nayo haikutosha kitu.

Mpaka leo, ukikaa na watu watano, mmoja atakusimulia habari hiyo kama jambo lililothibitishwa. Nadhani tunaishikilia kwa sababu inatusitiri. Inapendeza zaidi kuamini kwamba niliinuka kununua bisi kwa kuwa nilirogwa, kuliko kukubali kwamba niliona picha ya bisi yenye urefu wa mita kumi ikimiminika polepole, nikataka bisi. Nimesimama pale mlangoni. Hakuna kilichofichwa. Picha ya soda inatoka, barafu inalia kwenye bilauri, na kwenye safu ya sita mtu anamwambia mwenziwe, "Subiri nakuja."

Kuna jambo jingine la pale mlangoni ambalo watazamaji hawalijui, ingawa wanalilalamikia kila siku. Ni kelele. Mtu anaingia, trela linamlipukia usoni, anatoka kuja kuniambia mpunguze sauti. Naenda, msimamizi anapunguza. Filamu inaanza, na mtu yuleyule anatoka tena kuniambia haelewi wahusika wanasema nini.

Sababu yake ni hii. Chumba cha sinema kilichopimwa vizuri kina kiwango chake cha sauti, na kwenye mitambo mingi kiwango hicho kimeandikwa namba 7. Wanaochanganya sauti ya filamu huichanganya wakitegemea 7 hiyo. Trela nazo zina kipimo chao cha wastani wa kelele kinachoitwa Leq(m), na hazitakiwi kuzidi desibeli 85 za kipimo hicho. Matangazo ya biashara yana ukomo wa chini kidogo, 82. Lakini wastani ni wastani. Ukinyamaza sekunde kumi, umejiwekea akiba ya kupiga mabomu sekunde inayofuata, na jumla yako bado iko salama. Sikiliza trela zijazo ukiwa na hilo akilini: moyo unadunda, kimya, mtu ananong'ona neno moja, kimya, halafu dari linashuka. Wanatafuta taharuki, sikatai, ila naamini na hesabu ya wastani ina mkono wake humo. Basi jumba linashusha mtambo hadi 5 au hata 4 ili watu wasikimbie, linasahau kuupandisha, na filamu iliyofanyiwa kazi miezi kadhaa inasikika kama mazungumzo ya nyumba ya pili.

Trela zenyewe nazipenda, lazima nikiri. Trela nzuri ni kazi ngumu kama methali. Nisichopenda ni zile zinazokusimulia kisa chote, mwanzo, mgogoro na nusu ya mwisho, mpaka unatoka ukiwa huna haja ya kurudi. Mwaka 2014 chama cha wamiliki wa majumba ya sinema cha Marekani kilitoa mwongozo wa hiari kwamba trela lisizidi dakika mbili. Dakika mbili zinatosha sana. Zinatosha hata kuharibu.

Na hata tangazo la biashara lina heshima yake likitengenezwa kwa ajili ya ukumbi na si kuchukuliwa tu kutoka runingani. Waingereza wana wimbo wa kampuni ya matangazo ya Pearl & Dean, uliotumika tangu 1968, usio na neno hata moja, na wengi wao wanaweza kukuimbia leo. Wafaransa wana katuni ya mchimba madini mdogo anayerusha sururu yake kulenga shabaha. Ni mzaha juu ya jina la Jean Mineur, bwana mkubwa wa matangazo ya sinema, kwani mineur kwa Kifaransa ni mchimba madini. Vitu hivi vilikuwa ni biashara tupu. Lakini vilikuja mahali palepale kwa mpangilio uleule kila mara, na mtoto aliyekaa kwenye kiti kikubwa alijua vikishapita, mambo yanaanza. Hadithi haianzi kabla ya mtu kusema paukwa.

Wapo wanaoifanya kazi hiyo kwa upendo. Alamo Drafthouse, majumba yaliyoanzia Austin, Texas, mwaka 1997, yalijijengea jina kwa kuokota vipande vya kale na vya ajabu vinavyohusiana na filamu ya usiku huo na kuviunganisha badala ya kurusha matangazo ya kawaida. Mtu anawahi mwenyewe, hasukumwi. Dada yangu nilipomweleza alisema, "Basi huko ningechelewa dakika kumi tu."

Ugomvi wangu wa kweli uko kwenye saa. Nilipokuwa mlangoni, matangazo ya biashara yalikuwa kabla ya saa ya tiketi. Saa ikifika, taa zinazimwa, trela tatu, filamu. Aliyewahi alitazama matangazo na malipo yake yalikuwa kiti kizuri, kwa sababu viti havikuwa na namba, anayewahi ndiye anayechagua. Halafu zikaja tiketi za kuchagua kiti kwenye simu. Kiti chako kinakungoja hata ukija mwisho wa dunia. Watu wakaacha kuwahi, na matangazo yakabaki yakiviimbia viti vitupu.

Ungekuwa wewe mwenye matangazo ungefanya nini? Kama watu hawaji kabla ya saa, unahamia baada ya saa. Mwaka 2019 National CineMedia, kampuni inayouza matangazo kwenye majumba mengi ya Marekani, ilikubaliana na kampuni za majumba za Cinemark na Regal kuweka matangazo baada ya saa iliyotangazwa, na moja la bei ya juu kabisa likaketishwa ndani ya trela, kabla tu ya trela moja au mbili za mwisho. AMC, kampuni nyingine ya majumba, walikataa wakati ule, wakisema wateja wao hawatapenda. Mwaka 2025 nao wakakubali. Mwaka huohuo wakaanza kuwaandikia wanunuzi wa tiketi kwamba filamu itaanza dakika 25 hadi 30 baada ya saa iliyoandikwa. Niliposoma hilo nilicheka peke yangu. Ni kama mwenyeji akuambie karibu chakula saa saba, chakula kitaiva saa saba na nusu.

Lakini angalau wamesema. Huko Bengaluru, India, mtazamaji mmoja aliyekata tiketi ya saa 10:05 jioni aliona filamu ikianza saa 10:30, na yeye alikuwa amepanga kurudi kazini baada yake. Akashtaki. Jumba likajitetea kwamba sheria inalitaka lionyeshe matangazo ya huduma kwa umma. Februari 2025 tume ya kutetea walaji ikaamuru alipwe fidia na saa ya kweli ya filamu iandikwe kwenye tiketi, mwezi uliofuata Mahakama Kuu ya Karnataka ikaisimamisha amri hiyo. Huko Connecticut, jimbo la Marekani, seneta Martin Looney alipendekeza mapema mwaka huo sheria ya kuyataka majumba yatangaze saa mbili, ya onyesho na ya filamu yenyewe.

Wenye majumba hujibu kwamba wakitaja saa ya filamu, hakuna atakayekuja kutazama matangazo, na bila matangazo tiketi itapanda. Huenda ni kweli. Ila sikiliza hoja hiyo mara ya pili: inasema biashara inategemea mteja asijue. Hapo mimi na dada tunakutana, ingawa yeye alifika huko kwa njia ya uvivu.

Maana na yeye yalimkuta. Ilikuwa onyesho la mwisho la usiku, wiki ya tano au ya sita ya filamu yenyewe, ukumbi mdogo kuliko yote. Saa tatu na nusu. Mimi nikawahi kama kawaida. Tulikuwa watu tisa. Taa zikashuka, likaja tangazo moja la gari, trela moja, kisha zile pazia nyeusi zikasogea. Dakika saba tu za kungoja, filamu imeingia. Wauza matangazo hulipia vichwa, na vichwa tisa saa tatu na nusu usiku havina mnunuzi. Filamu ilianza kwa tukio refu bila maneno, mama mmoja akizika kitu nyuma ya nyumba, na kila kilichofuata kilitegemea kitu hicho. Dada aliingia akiwa na bisi mkononi dakika kumi na tano baadaye, akainama mpaka kiti chake, akanong'ona, "Hili ni tangazo la nini?"

Sikumjibu. Alitazama saa mbili nzima akiniuliza kila mara kwa nini yule mama anaogopa bustani.

Tangu hapo amebadilika kidogo. Kidogo tu. Hachelewi dakika ishirini na tano tena, ameshuka hadi kumi na tano, na mimi ndiye niliyegeuzwa saa yake. Jumamosi iliyopita nilikuwa kitini, taa nusu, simu inayokunjwa ikizunguka hewani juu ya skrini, nikapokea ujumbe wake: wamefika wapi? Nikamwandikia: benki. Akaniuliza anunue bisi kubwa au ndogo. Taa zikazimwa, nikaificha simu chini ya koti kama mwizi, maana niliwahi kuwamulika watu kwa tochi kwa kosa hilohilo. Ikapita trela ya kwanza, ya pili, likaingia lile tangazo la gizani, refu, zuri, la gari jekundu linalopanda mlima bila sauti, na katikati ya mlima nikauona mwanga wa mlango na kivuli chake kinashuka ngazi kwa tahadhari.

Akakaa, akaniwekea bisi mapajani.

"Bado?"

"Bado trela mbili."

"Nimewahi sana," akasema, akavua viatu.